Safu ya Tisa

Kamembe, 6 Februari 2023

Mdogo wangu Hugues,

Habari za huko Kigali? Kikohozi kimekuacha? Sisi huku ni wazima. Mvua haina adabu mwaka huu, na miguu yangu ni ileile unayoijua, haijaota mingine. Simu yako inaita tu, haipokelewi, ndiyo maana barua hii nampa Habumugisha, dereva wa basi.

Ni kuhusu baiskeli yangu ya magurudumu matatu. Ile betri uliyonitengenezea kabla hujahama imeanza kunitesa. Kushuka na nyanya hadi darajani pale mpakani, hakuna shida. Navuka, nauza Bukavu, napakia bidoni mbili, yale madumu, za mafuta ya mawese, narudi. Nikifika katikati ya mlima wa kupandia Kamembe, mota inazima ghafla kama mtu kakata waya. Nasubiri kidogo, inaamka, inazima tena. Shadia, jirani yangu tunayevuka naye, ndiye ananisukuma kwa nyuma. Jana kaniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu, akiniita dada mkubwa kama wewe, "Yaya, hii betri inadanganya batu. Mita inasema imejaa, mlima unasema hapana."

Nimepima kwa ile mita uliyoniachia. Volti hamsini na tatu na kitu. Si imejaa hiyo? Nijibu haraka. Bila baiskeli hii mimi ni mtu wa kukaa mlangoni kupokea wageni, na unajua nisivyopenda wageni.

Yaya yako,
Eugénie

*

Kigali, 19 Februari 2023

Yaya Eugénie,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Kikohozi kimeisha. Nisalimie Shadia na watoto wake. Samahani kwa simu, hapa karakana betri za pikipiki za umeme zinaingia asubuhi mpaka jioni, hata chai nakunywa nimesimama.

Yaya, umepima jumla, na jumla inaficha. Betri yako ina safu kumi na tatu, kila safu seli nne. Kila safu ina kiwaya chake chembamba, na kimoja cha ziada mwanzoni. Chaji mpaka mwisho, iache ipumzike saa mbili, kisha vua pete na bangili zako zote, maana chuma kikigusa pabaya utaona moto. Ncha nyeusi ya mita iweke kwenye waya wa kwanza, nyekundu kwenye wa pili. Andika namba. Sogeza zote mbili hatua moja. Hivyo hivyo hadi ya kumi na tatu.

Namba zikipishana kidogo sana nyuma ya nukta, si neno. Ukiona moja imebaki chini peke yake, hiyo ndiyo mgonjwa. Kikadi cha ulinzi kilichomo ndani ya betri kikiona safu moja imechoka, kinakata umeme wa zote.

Usivue ile plastiki ya bluu iliyozifunika. Viwaya vinatosha.

Mdogo wako,
Hugues

*

Kamembe, 27 Februari 2023

Mdogo wangu Hugues,

Hujambo? Sisi hatujambo. Shadia kapokea salamu, anauliza utaoa lini.

Nimepima. Safu kumi na mbili zote ziko 4.15, nyingine 4.14. Ya tisa ni 3.61. Nimepima mara tatu, haibadiliki.

Uliniandikia nisivue plastiki. Ungeniambia nivue, labda ningeona uvivu. Nimevua. Seli zote ni nyekundu na zinang'aa, isipokuwa nne za safu ya tisa. Hizo ni za kijivu, zina gundi kavu ubavuni, na vichwani zina alama za kuwa ziliwahi kuunganishwa mahali pengine zikang'olewa.

Hugues, Maman aliuza ng'ombe wake wa Butare ili ununue seli mpya hamsini na mbili. Ulizipanga mezani mbele yetu, yeye akazigusa moja moja kama mayai. Hizi za kijivu sikuziona siku ile. Zimetoka wapi?

Yaya yako,
Eugénie

*

Kigali, 14 Mei 2023

Yaya Eugénie,

Habari za siku nyingi? Natumaini u mzima, na biashara inakwenda. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi imenimeza.

Hizo rangi zisikusumbue, kiwanda hubadilisha rangi kila mara. Kwa Habumugisha nimekutumia chaja ndogo. Ilishe safu ya tisa peke yake, polepole, mpaka ifike sawa na wenzake. Usiiache ukaenda kupika, kaa nayo. Ikilingana, utapanda mlima wako vizuri tu. Usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Hugues

*

Kamembe, 2 Julai 2023

Hugues,

Hujambo. Mimi ni mzima, nashukuru.

Niliilisha, ikafika 4.15. Siku tatu nilipanda mlima nikiimba, Shadia akanicheka. Siku ya nne nikapima, 4.02. Wiki iliyofuata 3.84. Kisha 3.66. Nimeandika zote kwenye daftari. Niliona inashuka na bado nilipakia mawese, kwa sababu uliniandikia nisiwe na wasiwasi, na wewe ndiye fundi.

Tarehe 21 Juni ilizima pale penye mwinuko mkali. Nilivuta breki, barabara ilikuwa na matope, baiskeli ikarudi nyuma pamoja na bidoni zote mbili. Shadia alikuwa nyuma anasukuma. Mguu wake umevunjika mahali pawili. Alikuwa amelala pale, mawese yakimmwagikia, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Yaya, umeumia?"

Nakuuliza mara ya pili. Zile nne za kijivu zimetoka wapi? Usinitajie kiwanda.

Yaya yako,
Eugénie

*

Kigali, 16 Julai 2023

Yaya yangu,

Sijui hata nianzeje kukuuliza hali. Pole. Mpe Shadia pole nyingi, nimelia kama mtoto.

Nakuambia ukweli. Wiki ile ile nilipokuwa nakuundia betri, fundi mkuu wa hapa alinitumia jaribio huko nyumbani: nifufue betri ya pikipiki, nikiweza anichukue kazini. Ilihitaji seli nne nzuri. Sikuwa nazo. Nikachukua nne kati ya zako, na mahali pake nikaweka nne nilizong'oa kwenye betri iliyotupwa. Nilizipima, Yaya. Siku hiyo zilikuwa sawa na zingine kabisa. Nikajiambia nikipata kazi nitazibadilisha kabla hujajua. Kazi nikapata. Halafu Maman akafa, na kila nilipoona namba yako kwenye simu nilidhani umeshafungua ile plastiki.

Kwenye kopo hili kuna seli nne, mpya kabisa. Ni zako. Nakuomba unijibu.

Mdogo wako,
Hugues

*

Kamembe, 30 Julai 2023

Hugues,

Kopo limefika. Nimevuka nalo hadi kwa Mukengere, fundi wa Bukavu. Amezipima akaniambia kwa heshima, "Maman, hizi ni muzuri sana. Lakini zingine zimepanda mulima miaka tatu, zimechoka. Ukichanganya, hazitalingana hata siku moja." Hilo ulilijua kabla ya kuzituma, ndiyo kazi yako. Zingefaa siku ile mezani, Maman alipokuwa anazigusa.

Nazirudisha. Humo koponi nimeweka pia zile za kijivu, Mukengere amezing'oa. Kila moja nimeiandikia volti zake kwa kalamu, usije ukasema hukujua.

Betri nimeiweka juu ya kabati. Baiskeli naizungusha kwa mikono kama zamani. Mawese sipakii tena, navuka na nyanya chache tu na kurudi mikono mitupu.

Shadia ameanza kusimama kwa magongo. Bado anadhani ilikuwa ni matope. Kila asubuhi nampelekea uji, na kila asubuhi ananiambia nikuandikie, nikusalimie sana, na nikuombe uje umwone.

Hizo ndizo salamu zake. Zangu hazimo.

Eugénie