Kibanja cha Kanazi na Mke wa Siku Moja

Mpendwa mshauri Mama Sabina, shikamoo, naomba msaada wako ingawa mimi si mtu wa kuombaomba, ukifika Bumbire ukamuulizia Ayubu wa injini mpya hata mtoto anakuonyesha, shule niliishia darasa la sita lakini mtumbwi wangu unawalisha wawili wenye vyeti. Jambo lenyewe ni hili. Mimi na mke wangu Clotilda tulitengana miaka minne iliyopita, yeye akaenda kupanga chumba mjini, Hamugembe, mimi nikabaki kisiwani, talaka hatukuandikishana popote, kila mtu na maisha yake. Mwaka uliofuata nikanunua injini, halafu nikatamani kibanja cha mzee Mushumbusi kule Kanazi, kina migomba na mibuni, lakini mzee akagoma, akasema, "Wewe kijana wa ziwani, ukoo wetu hauuzi ardhi kwa mtu asiye na mji. Mkeo yuko wapi?" Mimi nina akili, mama, nikamfuata Clotilda nikamwambia njoo siku moja tu ukae mkekani mbele ya wazee kama mke wangu. Akacheka, "Leo ndiyo umekumbuka una mke?" Lakini alikuja, na kitenge chake kizuri, akawapigia wazee magoti, wakanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akaweka sahihi chini ya jina langu, mke wa mnunuzi, na kibanja nikakipata kwa hela yangu mwenyewe.

Sasa mimi siwezi kuvua sangara huku napalilia, nikamwachia Clotilda akitunze, ale ndizi, na kweli yule mwanamke anajua kazi, akapanda machipukizi, akatandaza nyasi, akapogoa mibuni iliyokuwa imezeeka, leo inazaa mpaka matawi yanainama. Mimi nimepata mchumba mwingine, nataka talaka, Clotilda anasema sawa tuachane ila kibanja tugawane. Nikamwambia, "Tulikuwa tumetengana, cha kugawana kiko wapi?" Akanijibu, "Injini kaa nayo, baba, sijawahi hata kuigusa. Kibanja utanigawia." Rafiki yangu Eliud ananishauri nichane ile karatasi ya mauziano, mzee Mushumbusi ameshafariki, mwanawe atuandikie nyingine isiyo na jina la mwanamke. Naona ni akili ya juu kabisa. Nifanye hivyo au wewe una kali zaidi?

Ayubu, Bumbire, Muleba

Marahaba, Ayubu. Injini tumeisikia. Sasa kaa chini.

Kutengana si talaka. Ndoa yenu haikwenda popote, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana ulipokitaka kibanja uliikumbuka haraka sana! Mbele ya wazee Clotilda alikuwa mke, mbele ya hakimu unataka awe mpangaji wa Hamugembe?

Naelewa uchungu wako. Hela ni yako, umeivulia kwenye mawimbi, na kununua mkiwa mmetengana ni jambo ambalo mahakama italisikiliza. Lakini hakimu hataishia hapo. Atauliza kila mali ilipatikanaje na nani aliweka nini, iwe fedha au kazi. Injini hata Clotilda haidai, kwa hiyo acha kuihofia. Kibanja ni habari nyingine. Bila yeye kukaa kwenye ule mkeka usingeuziwa hata mgomba mmoja, na tangu siku hiyo mgongo ulioinama pale ni wake. Kama atapata nusu au pungufu, hilo litaamuliwa. Kwamba hana kitu, hilo futa.

Huyo Eliud mwambie akavue. Kughushi hati ni kesi ya jinai, na wazee walioshuhudia mauziano wengine bado wako hai, wana macho na midomo.

Fanya hivi. Nendeni wote wawili kwenye baraza la usuluhishi la ndoa la kata, halafu ndipo mahakamani. Mkiweza kuelewana, kipimeni kibanja mbele ya majirani muweke mpaka, au umlipe thamani ya sehemu yake, na muandikishane. Mchumba asubiri, kama anakupenda atasubiri.

Na wiki hii hii, kabla hujarudi majini, toa nakala ya ile karatasi umpelekee Clotilda mkononi. Ukifika usijisifu. Mwambie "wakola" kwa kazi aliyoifanya. Nimeisoma barua yako mara mbili, sijaona mahali ulipomshukuru.