Kifuniko cha Tanuri la Mzee Ezell

Bi Imogene mpendwa,

Nakuandikia nimeegemea mito mitatu, maana nikilala chali pumzi inakataa, na muuguzi anayenijia kila asubuhi ameacha kuniambia kwamba nitapona, kwa hiyo naomba unisaidie upesi kuliko unavyowasaidia wengine wanaokuandikia gazetini. Nina miaka themanini na sita. Nilifundisha kemia katika sekondari ya mji wetu hapa Texas kwa miaka thelathini na minane, na majina katika barua hii nimeyabadilisha.

Wanafunzi wangu wawili wa zamani wananiletea chakula. Thurman huja Jumamosi adhuhuri, akisukuma mwenyewe kiti cha magurudumu, kwa sababu miguu aliiacha vitani Iraki, na kidari cha ng'ombe kimefungwa katika karatasi ya buchani juu ya mapaja yake. Rufino huja Jumapili akitoka misani, naye ana kidari chake, vitunguu vibichi na mkate mweupe. Hawaji siku moja. Wana miaka kumi na sita hawajasemeshana, na aliyewafarakanisha ni mimi, na hawajui.

Ukitaka kunielewa inabidi nikurudishe nyuma, kwenye uwanja wa nyumba ya Mzee Ezell, baba yake Thurman, ambaye alijenga tanuri la kubanikia nyama kwa matofali aliyoyaokota kwenye kiwanda cha pamba kilichoungua. Juu aliweka kifuniko cha chuma kizito hivi kwamba mtu mmoja hawezi kukiinua. Watu walimcheka, wakamuuliza atapika vipi siku akiwa peke yake, akajibu kwamba siku akiwa peke yake hatakuwa na haja ya kupika. Kila sikukuu ya Juni kumi na tisa, tunapokumbuka siku watumwa wa Texas walipotangaziwa uhuru, kanisa letu zima lilikula kutoka tanuri lile, na Thurman na Rufino, walipopata nguvu za kutosha, ndio walioshika kifuniko, mmoja huku na mwingine kule, na mzee akisema "haya" wanainua pamoja, na ule moshi wa mwaloni unatoka taratibu kama mtu anayeamka. Hata sasa, Bi Imogene, pumzi yangu ikiniruhusu kuvuta kitu, ninachotamani kuvuta ni ule moshi.

Mimi ndiye niliyeanzisha chama chetu cha wapenda nyama ya moshi. Nilikuwa na vipima joto vitatu na daftari la kila gogo nililochoma. Mzee Ezell alikuwa na kiganja chake tu, anakishikilia juu ya makaa, anahesabu kimoyomoyo, anakwambia bado. Sikuwahi kumshinda hata mara moja, na hata alipokufa tanuri lake liliendelea kunishinda.

Kisha Thurman akarudi kutoka vitani, na watu wa televisheni wakachagua nyumba yake, waivunje na kuijenga upya kwa wiki moja, milango mipana, bafu la kuingia na kiti, njia ya mteremko badala ya ngazi. Mji mzima ulijitolea. Rufino, ambaye ni fundi mwashi, alisimamia wajenzi, na chama chetu kililisha watu mia mbili kila siku, na tukaahidi kuiachia familia jiko jipya la chuma linalong'aa, lenye jina la chama ubavuni, na chini yake jina langu.

Familia ilipelekwa pwani wasione kitu mpaka siku ya mwisho. Kabla ya kuondoka Thurman alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, nyumba waifanye watakavyo. Tanuri la mzee wasiliguse. Nakuachia wewe."

Siku ya tatu mwongozaji wa kipindi akaja akasema jiko jipya halina pa kukaa, matofali yale meusi yanaharibu picha, yaondoke. Rufino alikataa. Alisema hilo ni la Mzee Ezell na yeye halibomoi mpaka Thurman amwambie kwa mdomo wake. Lakini simu za familia zilikuwa zimezuiwa, kusudi wasipewe habari, na watu wote wakanigeukia mimi.

Nikasema, "Thurman aliniambia kabla hajaondoka. Amekubali. Bomoa."

Rufino alivua kofia, halafu akachukua nyundo mwenyewe. Alisema kama ni lazima libomolewe, heri libomolewe na mtu aliyekula kutoka humo.

Siku ya kufungua pazia Thurman alilia alipoiona nyumba, mkewe alilia, mimi pia nililia. Kisha akazungusha kiti hadi nyuma, akaona chuma kinang'aa pale palipokuwa na matofali. Kamera zilipozimwa akamuuliza Rufino kwa sauti ya chini, "Nani?"

Rufino akasema, "Wewe mwenyewe, ndugu yangu."

Thurman akadhani anadhihakiwa. Akamwambia, "Toka kwangu." Nami nilikuwa nimesimama katikati yao na sinia la nyama mikononi, nikamuuliza mke wa Thurman kama kuna visu vya kutosha.

Lile jiko halijawahi kuwashwa. Liko chini ya turubai. Thurman hupika kwenye pipa alilolipasua, Rufino kwenye shimo nyuma ya karakana yake. Nyama ya Jumamosi ikibaki, Rufino huikuta kwenye friji yangu Jumapili, anaonja kipande, anasema chumvi imezidi, Mzee Ezell asingekubali, kisha anaimaliza yote. Na Thurman huangalia alama za matairi ya gari kwenye majani yangu, anauliza, "Huyu mtu wako bado anaendesha kama kipofu?" Nami nacheka. Nimecheka hivyo miaka kumi na sita.

Kifuniko kiko kwangu. Niliwaambia watu wa takataka wanishushie bandani, na sijui kwa nini, labda nilitaka mwishowe kiwe changu.

Sasa wote wawili wamekubali kubeba jeneza langu. Nimewapanga mmoja kulia, mwingine kushoto. Mchungaji anasema mengine tumwachie Mungu. Corliss, binti wa kaka yangu anayenitunza, anasema, "Shangazi, acha, watu wameshazoea." Lakini nikisema, nani atakuja Jumamosi? Nani atakuja Jumapili? Je, niseme nife peke yangu, au ninyamaze nibebwe na mikono niliyoitenganisha?

Wako,
Mwenye Kifuniko

*

Mwenye Kifuniko,

Umebadilisha majina, lakini hukubadilisha tanuri, na wilaya hii ina tanuri moja tu lililobomolewa mbele ya televisheni. Kwa hiyo jibu hili nakutumia kwanza kwa posta. Gazetini litatoka baada ya wiki mbili. Huo ndio muda wako, na ukiniona mkatili, kumbuka kwamba ugonjwa wako umekupa muda usioeleweka zaidi.

Pole kwa pumzi. Pole kwa woga pia, maana najua kitanda cha mgonjwa kinavyokuwa kirefu asipokuja mtu. Nimeshakupa pole, sasa sikiliza.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yako imekwenda miaka kumi na sita kwa sababu kila aliyekutana nayo alikuheshimu. Mmoja anaamini rafiki yake alivunja kumbukumbu ya baba yake halafu akamfanyia mzaha. Mwingine anaamini rafiki yake alimtuma kazi chungu halafu akamfukuza kwa kuifanya. Wewe unauliza kama utakufa peke yako, na hukuuliza hata mara moja wao wanaishije peke yao. Unasema Rufino anaimaliza ile nyama. Mama, unadhani ni njaa?

Mchungaji wako mwambie hili hukumwachia Mungu, ulimwachia Rufino.

Waite wote Jumamosi hii, saa sita, bila kumwambia mmoja kwamba mwingine anakuja. Wakikunjiana uso mlangoni, waache, hawatagombana mbele ya mwalimu wao mgonjwa, na hiyo ndiyo faida pekee ya ugonjwa ninayokuruhusu kuitumia. Corliss akae jikoni. Nyama isifunguliwe kwanza, kwa sababu ukianza kula utaahirisha. Usitangulize maradhi yako, usieleze mambo ya mwongozaji na picha, na kilio chako kisitangulie chao. Mtazame Rufino ukimwambia Thurman, "Hukuniambia walibomoe. Uliniambia wasiliguse. Nilimdanganya huyu." Kisha ile sehemu ya vipima joto na kiganja, iseme pia, maana bila hiyo watadhani ulikosea tu, na wewe hukukosea.

Halafu nyamaza. Watakasirika, na wana haki. Huenda mmoja akaondoka. Huenda Jumapili ikapita bila mkate mweupe. Usimtume Corliss awafuate, na usiwaombe msamaha mara mbili, mara ya pili huwa ni kuwadai. Orodha ya wabebaji wa jeneza iandike kwa penseli.

Mwisho, waambie kifuniko kiko bandani na ni chao, wala usiwaambie wakifanyie nini. Thurman atataka kukiona papo hapo, namjua mtu wa namna hiyo, na Rufino hatakubali aguse peke yake. Mwambie Corliss afungue dirisha la upande wa banda. Wewe lala hapo kwenye mito yako usikilize kama kuna mtu atasema "haya".

Imogene