Komeo la Nje kwenye Mlango wa Mama

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kijinga. Mama yetu alifariki mwaka jana, na mimi ndiye niliyekaa naye miaka minne akiwa amepoteza kumbukumbu, mdogo wangu wa kike alikuwa mji wa mbali akishughulika na sanaa zake, akipiga simu kila Jumapili, basi nyumba ilipobomolewa nikamwambia chukua takataka unazotaka, akabeba kila kitu, milango, mapazia, masufuria yaliyotoboka, hata godoro, na sasa amekijenga upya chumba cha Mama ndani ya ghala kuukuu, watu wanaingia, wanakaa kitandani, wanasikiliza redio yake inayokwaruza, wanatoka wakifuta machozi na kumpongeza. Siku ya ufunguzi wa maonyesho hayo nilishindwa kuvuka kizingiti, kwa sababu mlango wa kuingilia ni ule ule wa chumbani kwa Mama, wenye komeo upande wa nje. Aliwahi kuniuliza mbona komeo liko nje, nikamjibu fundi alikosea, naye kaandika hivyo hivyo kwenye kikaratasi, "Kosa la fundi", na watu wakisoma wanacheka.

Mshauri, hakuna fundi. Nililipigilia mimi. Nikienda kazini nilikuwa namfungia Mama asije akapotelea barabarani. Chini ya mlango, kwa ndani, kuna mikwaruzo. Wageni wanasema ni ya paka. Hatukuwahi kufuga paka. Nataka nikauvunje mlango huo kabla maonyesho hayajahamia mji mwingine. Nifanyeje?

Dada Mkubwa

JIBU

Pole, Dada Mkubwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wa simu za Jumapili ndio huwa hodari wa kulia msibani. Ulimfungia kwa kuwa kazi ilikuhitaji na hakuna aliyekuja kukupokea mgonjwa. Kwa hilo sikulaumu.

Ila usinizungushe. Ukiuvunja mlango, mdogo wako ataokota vipande avitundike. Si ndiyo kazi yake? Na vitu hivyo uliviita takataka wewe mwenyewe, usimsingizie mtu kama ulivyomsingizia fundi. Kinachokuuma ni uongo wako kubandikwa ukutani watu wakaucheka, tena yeye akapigiwa makofi kwa chumba ulichokipiga deki wewe miaka minne. Hili la pili una haki nalo. Mwambie.

Nenda asubuhi kabla hawajafungua, muwe wawili tu. Bandua kikaratasi kwa mkono wako, umweleze ni nani aliyeweka komeo na kwa nini. Muoneshe mikwaruzo. Atakutukana, msikilize mpaka amalize. Kisha muulize, katika Jumapili zote zile, aliwahi kuuliza Mama anashinda na nani? Usimsaidie kujibu.

Mkishalia, mlango ubaki hapo hapo. Andika kikaratasi kipya kwa mwandiko wako: "Komeo hili nililiweka mimi. Nilikuwa peke yangu." Akibandike yeye mwenyewe, halafu msimame kando muone kama kuna atakayecheka.