Riwaya Tatu kwa Mpigo

Mpwa wangu,

Huku tu salama. Goti langu tu ndilo linalodai heshima ya uzee. Tangu nistaafu ualimu nasoma riwaya tatu kwa mpigo. Ya asubuhi inamhusu hakimu aliyempenda mshtakiwa. Ni nzuri, ila mwandishi hamwamini msomaji, basi anaeleza kila kitu, kama mimi darasani. Ya mchana ni ya mafundi saa wawili wasiosemezana. Nimeicheka mpaka jirani akauliza, "Mzee, umepata barua ya mchumba?"

Ya tatu ni yako.

Katika sura ya tisa, mke aliye mahututi anamwambia mumewe, "Usinifunike uso, bado nakutazama." Nasikia wahakiki wameisifu sana sentensi hiyo. Mimi niliisikia kwa marehemu mke wangu, nikakuandikia wewe peke yako, nikakuomba yaishie kwako. Umeichukua barua nzima, mpaka rangi ya shuka, na ukurasa wa mbele ukaandika kwamba yote umeyabuni.

Umenialika nisome ukurasa mmoja siku ya uzinduzi. Nitakuja, mwanangu. Labda hujui kwamba sisi walimu wa zamani hatuandiki barua bila karatasi ya kaboni chini yake. Nakala ninayo, na tarehe yake. Nitasoma hiyo, polepole, nikitua penye kila nukta, na wageni wako watanifuatilia kwa kidole katika kitabu chako.

Mimi mjomba wako, na mumewe.