Sare ya Hatua ya Thelathini na Moja

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nasoma safu yako tangu nikiwa msichana na sikuwahi kudhani na mimi nitakuandikia, lakini jambo hili limenikaba na Krismasi ndiyo hiyo inafika, nisaidie.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nimeolewa Marangu, nauza nguo za mitumba sokoni Kiboriloni, na aliyenifundisha mchezo wa chesi ni baba mkwe wangu, mzee Aminieli, ambaye miaka mingi aliongoza watalii mlimani na chesi aliipata hukohuko kwenye vibanda, wageni wakisubiri hali ya hewa itulie. Nilipoolewa nilikuwa namwogopa mpaka chakula hakipiti mbele yake, ni ule ubao ndio uliotufanya tukae meza moja tukaongea kama watu. Sasa mwaka huu mwezi wa tano aliteleza kwenye mfereji migombani akaumia nyonga, haikupona vizuri, daktari anataka kumfanyia upasuaji na yeye akawa anakataa katakata, anasema kwa umri huu hakatwi na mtu, na tangu hapo hatoki nje ya uzio.

Ndipo yakaja mashindano ya kugombea ubingwa wa dunia, michezo kumi na minne, na baba ana simu ya kitochi tu, na hata ukimpa simu kubwa hataki, anasema mchezo ukitazamwa kwenye kioo unapita tu kama gari. Kwa hiyo kila mchana nikiwa sokoni nafuatilia kwenye simu yangu huku nauza, naandika kila hatua kwenye daftari, wateja wameshazoea kuambiwa subiri kidogo farasi ametoka, na jioni nikishakamua ng'ombe tunakaa, yeye anafunika hatua zilizobaki kwa rula, anakisia inayofuata, ndipo anasogeza rula chini mstari mmoja. Mshauri, sijawahi kufurahi kama wiki zile tatu. Baba alikuwa upande wa bingwa mtetezi, mtu mzima kidogo, anasema huyu anacheza kama mtu anayejua kuteremka mlima, wengine wanajua kupanda tu. Na jioni moja akatuambia mimi na mume wangu Eliona, "Huyu akibaki na taji lake, na mimi nakwenda kukatwa. Akianguka, msiniulize tena habari za hospitali."

Siku ya mchezo wa mwisho bingwa alikuwa mbele kwa pointi moja, alihitaji sare tu, na hatua ya thelathini na moja sare ilikuwa mkononi mwake, arudie tu alichokwisha kufanya, akakataa. Sijui alitaka nini. Hatua ya thelathini na mbili akampeleka mfalme wake mbele, na hatua ya hamsini na nane akasalimu amri, wakalingana, na kesho yake kwenye michezo ya haraka akafungwa, taji likaenda. Mimi nilikuwa nimeandika zote hamsini na nane palepale sokoni nikilia, watu wakadhani nimefiwa. Lakini jioni ileile, kabla ya hiyo kesho, nikiwa njiani kurudi nikaona ile ya thelathini na moja imeishia mwisho kabisa wa ukurasa, basi nikaichana karatasi iliyofuata, nikaandika chini ya hiyo hatua kwa herufi kubwa SARE, nikampelekea. Alitazama ubao muda mrefu, akasema, "Mimi hapo ningeendelea," halafu akanishukuru kwa Kichaga, "Aika, mama Yuditha. Haya, mwambieni daktari."

Upasuaji ni Januari. Na wiki ijayo shemeji yangu Godlove anapanda kutoka Dar kuja kula sikukuu, naye hana habari nyingine zaidi ya chesi, atamaliza salamu tu na kuanza kumsimulia bingwa mpya. Eliona anasema tumpigie Godlove anyamaze mpaka baba apone. Mimi silali vizuri, kwa sababu baba kila siku anapanga ile hatua ya thelathini na moja anaicheza peke yake. Juzijuzi alikuta karatasi ya mchezo wa tatu imelegea mwanzoni mwa daftari akaniuliza, "Mbona hili linapukutika?" nikasema ni watoto. Jumapili nimempelekea chai nikamkuta anasukuma mfalme wa bingwa mbele, anamrudisha, anajisemea, "Akikataa sare hapa amekwisha," nikaimwaga chai yote kwenye sahani. Jumatatu yake akamtuma Eliona hospitali kuhakikisha tarehe haijabadilika.

Nimefikiria nimwendee na jani la isale nimwombe msamaha kwa mila ya Kichaga, maana ukishapelekewa isale huwezi kukataa, hapo hatakasirika na upasuaji hautavunjika. Nimeshalikata, liko kwenye ndoo ya maji. Je, niende nalo, au tumnyamazishe Godlove?

Herieth, Marangu

*

Marahaba, Herieth.

Kwanza pole kwa bingwa wako. Mimi chesi siijui, lakini mtu aliyekuwa na sare mkononi akaitupa, hata mimi ningemlilia.

Pili, umefanya vibaya, na umefanya kwa upendo, na hilo la pili halifuti la kwanza. Mzee wa watu ameweka sharti lake kuhusu mwili wake mwenyewe. Lilikuwa sharti la ajabu, sawa, lakini lilikuwa lake. Wewe ukachana karatasi ukamjibia. Na huyo Eliona, ambaye ndiye mtoto wa kumzaa, ushauri wake wote ni kumpigia mtu simu anyamaze! Wote wawili mnamwogopa mzee asiyetoka hata nje ya uzio.

Sasa nisikilize, maana umeniandikia barua ndefu na nusu yake wewe mwenyewe hukuisoma. Daftari la shule limebanwa katikati. Ukichana karatasi ya nyuma, mwenzake wa mbele analegea. Kila mwalimu anajua, kila mzazi aliyewahi kukagua daftari anajua, na wewe unadhani mtu aliyekuwa anaongoza wageni salama mpaka kileleni hajui? Alikuuliza waziwazi ukasingizia watoto. Halafu Jumapili akasema akikataa sare hapa amekwisha. Wewe ukashughulika na chai. Mimi nasikia mtu ambaye amekaa na ubao siku nyingi mpaka ameona mwisho ulivyokuwa, au anakaribia kuuona. Na Jumatatu, huyohuyo, akatuma mtu kuhakikisha tarehe ya upasuaji. Hakuifuta.

Naweza kukosea. Simjui mkwe wako. Labda hajui lolote na atakasirika mpaka migomba itikisike. Hata hivyo utamwambia, na utamwambia kabla Godlove hajashuka kwenye basi pale Himo. Mtu asilazwe kwenye meza ya daktari kwa habari ya uongo, halafu azinduke aikute kweli inamsubiri kando ya kitanda.

Kuhusu isale: litoe kwenye ndoo, likachomeke mpakani mwa shamba linakokaa. Unajua vizuri kwa nini unalitaka. Aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa, na wewe umeshamnyima ruhusa hiyo mara moja. Safari hii nenda mikono mitupu, mwache awe na uwezo wa kukukasirikia. Akikununia siku mbili, zivumilie hizo siku mbili. Kumpikia mtori ruksa, kumlazimisha asamehe hapana.

Akisema basi, haendi tena hospitali, usianze kulia na kubembeleza. Eliona aende akamwombe daktari aongee na mzee mwenyewe, ana kwa ana, amweleze atatembea vipi akikatwa na atatembea vipi asipokatwa. Aamue kwa nyonga yake. Bingwa wa dunia amekwishapoteza taji, tusimbebeshe na mguu wa mzee Aminieli.

Karatasi uliyoichana hujaniambia umeitupa, na mwanamke aliyeandika hatua hamsini na nane huku analia hatupi karatasi hiyo. Nadhani iko ndani ya kitabu chako cha nyimbo. Itoe. Jioni, ukishakamua, mpe shikamoo, kaa mahali pako pa siku zote, sema, "Baba, mchezo haukuishia pale, mimi ndiye niliyeukata." Usiongeze maelezo. Mwekee karatasi juu ya daftari, uifunike yote kwa rula na kiganja chako, umwache akisie hatua ya thelathini na mbili.