Mlango Wenye Miaka Miwili

Chemchem, Tabora
9 Juni 2024

Kaka Abbasi,

Shikamoo. Huku hatujambo. Asali ya Ipole imeanza kufika sokoni, na Mama bado anagombana na kuku wa jirani.

Mlango wa Baba umesimama! Jana tuliufunga nyumbani kwa Bi Tunu, yule yule aliyeuagiza. Ni mninga ule ule ulioniambia niupasue kuni baada ya mazishi ya Baba, ambayo hukuhudhuria.

Unajua fundi wa milango huchonga mwaka mwisho, kazi ikishaisha. Baba, kwa furaha ya kupata mbao nzuri, aliuchonga kwanza: 2011, kushoto mwa kizingiti cha juu. Akafariki maua ya nakshi hayajafika nusu. Yaliyobaki nimeyachonga mimi, ua moja moja. Mafundi wenzake wakanisihi, “Futa mwaka huo, Shamila, utadanganya watu.” Nikakataa katakata. Upande wa kulia nikachonga 2024.

Jana baraza ilijaa watu. Jirani mmoja akauliza mwaka upi ndio wa kweli. Bi Tunu, aliyekaa na mlango wa bati miaka yote hiyo, akamjibu, “Yote miwili. Hapo katikati walikuwa kazini.”

Mama alipapasa maua yote, akitafuta mkono wa Baba unaishia wapi na wangu unaanzia wapi. Hakupaona.

Njoo upatafute wewe.

Mdogo wako,
Fundi Shamila