Mvua Isiyolowesha

Kisangani, Alhamisi jioni. Mvua tangu mchana, na bado inanyesha.

Ninaandika miguu yangu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto. Viatu vyangu vimekufa leo, nami nilikuwa karibu kuvifuata. Lakini nina furaha. Niseme hivyo mapema, maana huwa naanza kwa kulalamika na wanaonisoma hapa wameshanizoea.

Ni habari ya Kanyere.

Kanyere ana miaka minne. Aliletwa kwenye garderie yetu, nyumba ya kulelea watoto wadogo, mwanzoni mwa mwezi na mama yake, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyefungua duka la jumla la sabuni na mafuta karibu na soko. Baba amebaki huko, anapakia mizigo. Siku ya kwanza ilinyesha vibaya sana. Mama akamwacha mlangoni, akamnong'oneza kitu sikioni, akaondoka mbio kurudi dukani.

Tangu siku hiyo mtoto hakuvua koti. Koti jekundu la sufu, la baridi ya milimani, katika joto letu hili! Nikigusa kifungo, anakishika kwa mikono miwili. Kila mtoto wetu ana msumari wake ukutani wa kutundikia vitu. Wa Kanyere ulibaki mtupu. Wenzake wakiimba, wakilala, wakigombania mpira, yeye yuko mlangoni. Na kila baada ya muda ananyoosha mkono nje ya baraza, kiganja juu, anaurudisha, anautazama.

Sisi walezi tukaona mtoto anaomba. Basi tukampa. Mimi nilimwekea mikate, yale maandazi madogo ya kona ya barabara. Mwenzangu Tantine Béa akamwekea karanga. Kanyere alitutazama kwa huruma, akaviweka chini taratibu, akanyoosha mkono tena.

Jioni ndiyo ilikuwa vita. Mama hawezi kufunga duka saa ambazo wachuuzi wanakuja kuchukua bidhaa, kwa hiyo humtuma Tonton Jules, dereva wa toleka, hizi baiskeli zetu za kubeba watu. Kanyere akimwona tu, anakumbatia nguzo ya baraza na kupiga mayowe. Asubuhi hataki kukaa, jioni hataki kutoka. Nilichoka. Kuna asubuhi nilimwona akija nikatamani angekuwa na mafua abaki nyumbani. Naandika hivyo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu mama yake akanipigia simu. Kuna lori la ndugu zao linarudi Butembo Jumamosi. Mtoto atakwenda kukaa kwa bibi yake.

"Tantine, njo vile," alisema. "Hapa haiko kwake."

Sauti yake ilikuwa kavu kabisa, lakini hakukata simu. Nami sikukata. Barabara ile ndefu na mbaya kila mtu anaijua. Ukishampandisha mtoto wa miaka minne kwenye lori, hujui utamwona tena lini, na yeye atakuwa amejifunza kumwita nani mama.

Jumanne jua lilikuwa kali, hakuna wingu hata la dawa. Nilikaa sakafuni mlangoni kando yake. Sikuwa na mpango wowote, nilikuwa nimeishiwa tu. Tulikaa sana. Mwishowe akanigeukia.

"Tantine, hii mvua itaisha saa ngapi?"

Nikamshika paji la uso. Hakuwa na homa. Nikamwuliza, mvua gani?

"Hii. Mama alisema nisitoke. Mvua ikiisha, atakuya yeye mwenyewe kunibeba."

Nikasikiliza.

Maji!

Garderie yetu iko karibu na maporomoko ya Wagenia. Nimezaliwa hapo hapo, baba yangu alitega samaki pale, na ule muungurumo siusikii tena, kama vile sisikii moyo wangu ukipiga. Lakini kwa masikio ya mtoto wa milimani, ilikuwa mvua. Mvua kubwa, iko tu nyuma ya nyumba ya jirani, inakuja na haifiki. Siku zote hizo alikuwa anasubiri ikatike ili mama yake aje. Alikuwa anaipima kwa kiganja, hapati hata tone, na sauti haikomi. Na Tonton Jules alikuwa anamwondoa mahali pekee ambapo mama aliahidi kuja kumchukua.

Na sisi tunampa karanga.

Nililia hapo hapo mbele ya watoto, na sijali.

Tukatoka wote, tumeshikana mikono, hadi juu ya ukingo pale unapoona mitego mikubwa imening'inia kwenye miti yake katikati ya povu. Mado, binti wa mvuvi, mwenye mdomo kupita umri wake, akamvuta Kanyere mbele.

"Eza mai! Iko maji yetu, haiko mvua."

Kanyere akatazama maji, akatazama jua, akatazama maji tena. Akafungua kifungo kimoja cha koti. Kimoja tu. Kisha akauliza, "Na mama?"

Mado akanigeukia mimi.

Jioni ile nilikwenda dukani kumweleza mama yake. Alikuwa anakata kamba za maboksi. Akaacha, akaketi juu ya katoni ya sabuni, na alikuwa amesahau kabisa kwamba aliwahi kusema maneno hayo. Nikamwomba asimtume mtu, aje mwenyewe japo mara moja kabla ya lori. Jumatano alikuwa na mzigo wa kupokea. Akasema Alhamisi.

Na leo, Alhamisi, mvua!

Kisangani ikinyesha, mji unasimama. Baiskeli zinaegeshwa, soko linafunika meza, miadi inajifuta yenyewe na hakuna anayemdai mwenzake maelezo. Mimi mwenyewe nimesingizia mvua hata siku za jua. Nilipoona anga limekuwa jeusi nilisema moyoni, basi, tumekwisha.

Matone ya kwanza yalipogonga bati, Kanyere alikimbilia mlangoni na kunyoosha mkono. Safari hii ulirudi umelowa.

"Hii iko ya kweli!"

Mado akaja akanyoosha wake. Kisha wakaja wote, wakakinga mikono chini ya maji ya bati, wakarushiana, wakacheka. Koti jekundu lililowa hadi kwapani. Nilipaswa kuwakataza, sikuwakataza.

Saa ya kutoka ikafika, hakuna mzazi aliyetokea. Wote wamejibanza mahali wanasubiri ikatike, kama kawaida yetu. Kanyere akarudi mlangoni, hacheki tena. Nilishindwa kukaa karibu naye. Nilichukua ufagio nikafagia mahali palipokuwa safi.

Halafu nikamwona mama yake. Kwa miguu, viatu mkononi, kitenge kimemganda mwilini, tope hadi magotini. Amefunga duka saa ya wateja.

Kanyere hakumkimbilia. Alimsubiri mpaka akaingia chini ya baraza.

"Mama," akasema, kwa ukali kidogo, "mvua haiyaisha."

"Najua. Nilikuya tu."

Mtoto akafikiri. Akaanza kufungua vifungo, kimoja baada ya kingine, vyote. Akavua koti, akapanda juu ya benchi, akamfunika mama yake kichwani. Koti lenyewe chapachapa, halifuniki hata masikio mawili. Mama akaliacha hapo hapo na kufunika uso kwa mikono, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Hawakuondoka upesi. Kanyere alimwingiza ndani akamwonyesha mkeka wake, ule ambao hajaulalia hata siku moja, akamwonyesha na Mado, kwa kidole. Wakati wa kuaga mama akaniambia, bila kunitazama, kwamba lori la Jumamosi liende na maboksi yake tu.

Koti limebaki kwetu. Kanyere amelitundika mwenyewe kwenye msumari wake, kando ya mkoba wa Mado, na nilipofunga mlango lilikuwa bado linadondosha maji sakafuni.

Kesho ikinyesha, na inyeshe.